Neno la Mhariri: Mzee Mbele ya Katuni

Toleo hili tumelikusudia lizungumzie filamu za katuni, na yamkini wapo wasomaji wetu, hasa wale waliotuzoea kwa makala za mirathi, za bei ya kahawa na za historia ya pwani ya Nyasa, watakaostaajabu ni lipi lililotusibu hata tukayaweka kando mambo ya watu wazima tukayashika ya watoto. Staajabu yao haituudhi, walakini imesimama juu ya dhana ambayo sisi twaiona batili, nayo ni kwamba mchoro utembeao ni mali ya mtoto, na kwamba mtu mzima aonekanapo ameukodolea macho, basi ama anamsindikiza mwanawe, ama hana kazi ya kufanya.

Dhana hiyo hata umri wake ni mdogo. Filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani ilitolewa Ujerumani mwaka 1926, na mwenye kuitengeneza, bibi aitwaye Lotte Reiniger, aliichota hadithi yake katika Alfu Lela Ulela, hekaya ambazo waliosoma shule za zamani walizikuta zimekwisha tiwa katika Kiswahili. Bibi huyo alikata kwa mkasi, katika karatasi nyeusi, vivuli vya watu na farasi na majini, akavisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha moja baada ya nyingine kwa muda wa miaka mitatu. Wala taabu yote hiyo hakuikusudia kwa watoto peke yao. Kuwatoa wakubwa barazani ni jambo lililokuja baadaye, lililoletwa zaidi na wauza bidhaa na wapanga ratiba za televisheni kuliko na wasanii wenyewe.

Na tuitwae filamu ambayo hata hapa Kingerikiti, juu ya milima hii ambako picha hutufikia aghalabu ndani ya flashi na kadi za simu, haihitaji kutambulishwa: The Lion King, iliyotolewa na Disney mwaka 1994 chini ya uongozi wa Roger Allers na Rob Minkoff. Husemwa kwamba filamu za namna hii huwapendeza wakubwa kwa kuwa watengenezaji hupenyeza humo mizaha wasiyoielewa watoto, wakawa kana kwamba wanakonyezana na wazazi huku watoto wakitazama upande mwingine. Mizaha hiyo ipo, sikatai, na ngiri yule Pumbaa ana fungu lake kubwa; lakini mzaha humchekesha mtu mara moja, wala haumrudishi kitini mara ya pili na ya tatu. Kinachomzuia mzee wa huku asiinuke ni shauri la mirathi.

Kwa desturi ya Wamatengo na Wanyasa, na ya wengi wa jirani zao, ndugu wa baba ni baba. Mtu anapofariki, macho ya ukoo humwelekea huyo ndugu, kwamba yeye ndiye atakayewalea yatima, ailinde mali mpaka wenyewe wapate akili zao, na asimame mbele ya watu kusema kwa niaba ya marehemu. Basi pale ambapo mtazamaji wa Ulaya amwona hasidi mmoja akinyang'anya kiti cha enzi, mzee wetu huona jambo zito kuliko hilo: amwona baba mdogo aliyemwua nduguye mwenyewe, kisha, kabla ya maiti kupoa, akamwinamia mtoto na kumwambia kwa sauti ya upole kwamba muuaji ni yeye, na kwamba heri akimbie asirudi tena. Mashauri ya sura hiyo, sisemi ya kuua, Mungu atuepushe, bali ya yatima aliyeondolewa katika shamba la babaye kwa maneno matamu, hayajapata kwisha katika mabaraza yetu, na aliyewahi kuyasikiliza hawezi kuitazama sehemu ile kama atazamavyo mchezo. Mtoto hulia kwa kuwa baba amekufa. Mzee hunyamaza kwa kuwa amemwona mtoto akipakwa damu ya baba yake, akaamini, akakua nayo, na kila alipocheka na rafiki zake porini alicheka juu ya aibu asiyoistahili.

Na hapa ndipo hoja yetu ilipo. Hao wawili hawakutazama filamu mbili zilizobandikwa pamoja, moja ya kuwachekesha wadogo na nyingine ya siri kwa wakubwa. Walitazama kisa kimoja, kwa picha zile zile, ila kila mmoja alizama ndani yake kwa kadiri ya miaka aliyoishi. Jambo hilo si geni kwetu. Katika sengu ya Wamatengo, ambapo watu wa ukoo mmoja, wakubwa kwa wadogo, walikula pamoja, wakaonyana na kukata mashauri yao, hapakuwa na maneno ya meza ya watoto na maneno ya meza ya wazee; na msimulizi wa ngano za jioni, alipomleta sungura amdanganye fisi, hakuwaondoa wazee kwanza, wala hakuificha mauti kwa kumhurumia mtoto. Mtoto alichukua awezacho, na kilichobaki kikamngoja.

Tukija kwa wasanii wa Afrika Mashariki, kwanza tuseme kwa fahari kwamba mtindo mmoja wa katuni uliotufikisha katika televisheni za ng'ambo una asili yake katika mkoa huu huu wa Ruvuma. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Tanga kwenye mkonge, kisha Dar es Salaam, na huko, mwishoni mwa miaka ya 1960, akaanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba, mpaka mwaka 1972 alipouawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Mwaka 2010 wanyama wa namna yake walianza kutembea na kusema katika mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliochorwa Nairobi kwa ushirika na kampuni ya Uingereza, vipindi 52 vya kueleza kwa nini mnyama huyu yuko hivi na yule vile. Vinapendeza kwa rangi. Lakini mzee akimaliza kimoja hana sababu ya kungoja cha pili, na mtu aliyekufa kifo kama kile cha Tingatinga alistahili wanyama wenye kujua uchungu zaidi ya hapo.

Kadhalika Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, imewafundisha watoto wengi hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi, na hatuna ila shukrani. Hata hivyo ni somo, na somo likiisha mtu hufunga daftari. Huko ndiko fedha za katuni zilikoelekea kwetu, kwenye kufundisha, kwa kuwa mfadhili aweza kuyapima mafunzo, ilhali majonzi hayana kipimo. Ndiyo maana twamtazama kwa matumaini Ng'endo Mukii wa Kenya, ambaye Yellow Fever yake ya mwaka 2012 ilisema juu ya wanawake wanaochubua ngozi zao, na ambaye mwaka 2023, katika mkusanyo wa filamu kumi uitwao Kizazi Moto, alileta kisa cha mama mwenye uwezo wa kuumba na binti anayejaribu kuielewa huzuni yake. Mtoto na bibi yake waweza kukitazama kisa hicho pamoja, na hakuna atakayemsubiri mwenziwe.

Wasemao kwamba ufundi huu ni wa wageni na washuke ziwani wautazame mganda, ngoma iliyotwaa gwaride la askari wa kizungu, sare zake na vyeo vyake, ikawa yetu kabisa. Visa navyo tunavyo. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliingia Liuli na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake Berndt, rafiki wa Rhoades na mwenziwe wa kunywa, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Alitoka kwa mashua akimfokea mwenziwe kama mtu amfokeaye mlevi, akatiwa mbaroni. Mtoto atacheka hapo, na haki yake. Mzee atamfikiria rafiki aliyeletwa asubuhi na amri ya watu walio mbali. Lakini msanii atakayekishika kisa hicho asituachie manahodha wawili peke yao, kwani waliotia kuni katika matanuri ya meli, na waliosimama ufukweni wakiona moshi, ni watu wetu, na vita hivyo viliwabebesha mizigo mpaka 1918. Akiwasahau, tutaitazama filamu yake, kisha tutamsema katika ukurasa huu huu.