Daftari la kilo za kahawa lisifutike kwa kidole kimoja

Mkulima wa Mbinga akishapimiwa kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, mali yake hubaki kuwa mstari mmoja ndani ya daftari. Siku hizi daftari hilo linazidi kuhamia kwenye kompyuta. Fedha za mnada zinapofika, mstari ule ndio unaosema alipwe nani na kiasi gani.

Kwa hiyo suala la nani anaruhusiwa kuugusa si la mafundi peke yao. Ni suala la soko.

Hasara ya aina hii haihitaji mwizi. Tarehe 11 Januari 2023 ndege za ndani za Marekani zilizuiwa kuruka nchi nzima. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilieleza baadaye kwamba watu wa kampuni ya kandarasi walifuta mafaili kwa bahati mbaya, wakati wakioanisha kanzidata kuu na ile ya akiba. Kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta kanzidata akidhani yuko kwenye mashine nyingine. Akiba zilipotafutwa, nyingi zilikutwa hazifanyi kazi, na data ya saa 6 hivi ikapotea.

Hao ni mafundi wa kulipwa vizuri. Karani wa msimu je?

Ruvuma ina sababu yake ya ziada. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na vijiji vya mwambao, Liuli na Mbamba Bay vikiwamo, vikabadili wilaya. Mgawanyo wa namna hiyo hulazimu kurekebisha maelfu ya mistari kwa amri moja. Amri ikisahau kutaja kijiji, hubadili vijiji vyote. Aidha, tangu ruzuku ya mbolea ilipoanza mwaka 2022, mkulima hununua mifuko kwa namba yake ya usajili.

Dawa yake wahasibu wanaijua tangu enzi za karatasi na kaboni. Aliyeandika kilo 480 badala ya 48 hakufuta. Aliandika mstari wa kusahihisha, mtu wa pili akatia sahihi. Kompyuta ifungwe vivyo hivyo. Karani wa mizani aongeze tu. Mabadiliko ya jumla yajaribiwe kwanza kwenye nakala, na yaidhinishwe na watu wawili. Akiba nayo irudishwe kila mwezi kwenye mashine nyingine, ijulikane kama inasomeka.

Viongozi wa vyama watasema kufuli zitachelewesha foleni wakati wa mavuno, hasa mtandao ukikatika. Mizani isisubiri, hilo ni kweli. Marekebisho ndiyo yasubiri, hata siku mbili.

Wanunuzi wa ufuta na soya, na benki zinazokopesha kwa stakabadhi za ghala chini ya sheria ya mwaka 2005, wana nguvu ya kulisukuma jambo hili. Wamuulize mwenye ghala nani anaweza kufuta, na akiba ilirudishwa lini mara ya mwisho. Asiye na jibu akopeshwe kidogo zaidi kwa mzigo uleule.