Nani Aliwaambia Bia ya Krafti Haiwezi Kukaa na Mutura?

Leo wacha nikosane na watu wa pande mbili kwa mpigo. Kuna wale wa Westlands wanaouza bia kama wanauza manukato, na kuna wale wa serikali wanaotaka bia itoke kabisa kwa meza ya chakula. Wao wanadhani wako vita. Mimi naona wanasaidiana kazi. Mmoja anafanya bia na chakula kuwa mambo ya wenye pesa, mwingine anafunga mlango, na sisi wengine tunabaki palepale: kona ya baa, mzinga katikati ya meza, tumbo tupu, saa nne usiku.

Kabla mtu hajaanza kunitusi, tuelewane tunazungumzia nini. Bia ya krafti ni ile inapikwa na kiwanda kidogo, kiasi kidogo kwa wakati, na mpishi wake ana ruhusa ya kucheza na ladha. Nairobi tunazo. Brew Bistro pale Ngong Road walikuwa wanapika yao wenyewe miaka mingi iliyopita, kabla wengi wetu hatujaruhusiwa hata kuingia baa. Wakaja 254 Brewing, wakaja Bateleur, na wengine. Bia zenyewe ni safi. Hapo sina ugomvi na mtu. Ukiwa umekunywa lega moja tangu ufikishe miaka 18, siku utaonja stauti inayonuka kahawa bila kahawa, ama ale inayonuka machungwa na hakuna chungwa lilikaribia pipa (ni hopsi tu), utashtuka. Mimi nilishtuka na nikapenda, na pesa yangu imeenda huko kuliko ningetaka mamangu ajue.

Ugomvi wangu ni sahani.

Mwaka huu nililipia jioni moja ya kula na kunywa, zile za gilasi tano ndogo na sahani tano ndogo, kwa mkahawa ambao sitautaja. Ikaja soseji ya Kijerumani na lega. Ikaja baga ndogo na IPA. Mabawa ya kuku yenye sosi tamu. Kipande cha jibini, nyembamba hadi unaona mwanga upande wa pili, na stauti. Mwisho keki ya chokoleti. Jamaa wa kueleza alikuwa mtu poa na anajua kazi yake, lakini kwa masaa mawili hakutaja hata chakula kimoja ambacho shosho yangu angekitambua. Nikamuuliza weita kama hiyo stauti ingeweza kuja na mbuzi choma. Akacheka kwa heshima. "Boss, hiyo si ya hapa."

Si ya hapa! Tuko Nairobi, bana. Ukisimama nje ya huo mlango unasikia moshi wa nyama kutoka barabara ya pili.

Na usidhani nalia uzalendo tu. Nalia ladha. Hebu fikiria bia inafanya nini mdomoni. Ule mvuke unakwangua mafuta kwenye ulimi. Uchungu wa hopsi unakata utamu na unakata mafuta. Kimea kikikaangwa hadi kiwe cheusi, ndiyo stauti inapata ile ladha ya kuungua kidogo, ya kahawa, ya ganda la mkate. Sasa niambie, ni chakula gani duniani kina mafuta, chumvi na ganda lililoungua kidogo kushinda mbavu za mbuzi zikitoka kwa makaa? Ama mutura! Damu, nyama ya kusaga, dania, pilipili, utumbo uliokauka juu ya moto hadi unalia ukikatwa. Mutura na stauti ni ndugu waliopotezana. Huhitaji cheti kujua hivyo, unahitaji kuonja tu. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinitumie karatasi za maprofesa.

Samaki wa kupaka, wa nazi, mpe bia ya ngano. Chachu ya zile bia za ngano za mtindo wa Kijerumani hutoa harufu ya karafuu na ndizi zenyewe, bila mtu kuziweka. Karafuu na nazi! Mtu wa Pwani hapo haelezwi kitu. Tilapia ya kukaanga na kachumbari yenye ndimu inataka bia nyepesi yenye uchachu. Mukimo ni mpole, utamezwa na chochote kikali, kwa hivyo uweke na ale isiyo na fujo. Na sio kila kitu kinakubali. IPA kali na pilipili kali ni vita, uchungu unafanya ule moto uwake zaidi, na utakunywa haraka ukidhani unauzima. Hii ndiyo elimu nilitaka kununua ile jioni. Nikauziwa baga.

Kitu kingine. Wazee wetu wakiulizwa "baridi ama moto?" wanasema moto, na sisi tunawacheka. Baridi kali inaua ladha. Lega nyepesi inaweza kuvumilia friji, lakini stauti ikitoka kwenye barafu ni maji meusi. Wapishi wakubwa wa Uingereza na Ubelgiji wangemuunga mkono yule mzee wa Kiambu anayetaka Guinness yake kutoka kwa rafu. Labda sio kwa joto la Kisumu, sawa. Lakini alikuwa anajua kitu.

Sasa tuingie pale panapouma.

Unajua busaa inapikwaje? Unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa siku kadhaa uchachuke. Halafu unakaangwa juu ya bati, moto wa kuni chini, hadi unanukia kama bisi na mkate pamoja. Wimbi linaloweshwa, linaachwa lichipuke, linaanikwa, linasagwa. Hicho ndicho kimea, kazi ileile ambayo shayiri ya Narok na Timau inafanyiwa kwa kiwanda kikubwa. Unachanganya, unaacha ichemke yenyewe siku chache, unachuja. Inatoka nzito, chachu, nguvu ya kawaida ya bia. Kule Magharibi wazee wanaizunguka kwa chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mazungumzo hayaishi.

Kiasi kidogo kwa wakati. Nafaka ya hapa. Kimea cha mkono. Uchachu. Kila neno wanaloandika kwa ubao wa chaki kule Westlands, mama wa busaa analo. Tofauti ni kwamba bia chachu ya Westlands inakuja na gilasi ya mguu mrefu na kofia ya kampuni, na ya mama inakuja na chifu akipiga teke sufuria.

Najua mtasema "lakini busaa ni haramu, watu wanakufa." Ngojeni. Februari 2024 watu walikufa Kangai, Kirinyaga, na sitafanya mzaha na hiyo. Lakini kilichowaua hakikuwa wimbi lililochipuka. Kinachoua na kupofusha kwenye visa kama hivyo kwa kawaida ni methanoli, pombe ya viwandani inayotiwa kwenye makali na mtu anayetaka faida ya haraka. Bia ya nafaka na makali ya sumu ni vitu viwili, na tukiviita vyote "pombe haramu" kwa pumzi moja, yule wa methanoli anajificha nyuma ya yule wa wimbi. Sheria ya pombe ya 2010, ile tunaita ya Mututho, ilifuta hata marufuku ya chang'aa na kusema pombe za kienyeji zitengenezwe kwa leseni na usafi. Miaka imepita. Nitajieni mama mmoja mtaani kwenu aliyepewa leseni, akapimiwa pipa lake na kuonyeshwa jinsi ya kulisafisha. Kupigiwa sufuria teke, hiyo mnaweza kunitajia.

Na hela? Hapo ndipo watu wa krafti nao wanipe jibu. Tangu 27 Desemba 2024 ushuru wa bia unahesabiwa kwa kiasi cha pombe safi iliyo ndani. Viwanda vikubwa wanalipa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya pombe safi. Viwanda vidogo huru wanalipa 10. Fanya hesabu ya darasa la nane: nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina sentilita 2.5 za pombe. Mkubwa analipa Sh56.25, mdogo analipa Sh25. Kabla ya hapo ilikuwa Sh142.44 kwa lita, yaani karibu Sh71 kwa hiyo nusu lita. Kwa hivyo serikali, kwa mara moja katika maisha yake, ilimpunguzia mdogo mzigo. Mimi nilipiga makofi kabisa. Halafu nikaangalia menyu za sehemu ninazoenda na bei ni ileile, ama imepanda.

Sitaki kuwa mjinga. Najua hopsi zinatoka nje, mikebe inagharimu, kodi ya nyumba Westlands si ya Umoja. Sawa. Lakini hopsi sio lazima ziwe nyingi kwenye kila bia, na wimbi halitoki Ujerumani. Senator Keg ilianza 2004 kwa kupunguziwa ushuru, na leo mtama wake unalimwa na watu wa Siaya, Homa Bay, Kitui na Tharaka Nithi. Kampuni kubwa kuliko zote iliona mtama. Nyinyi wadogo, mnaojiita wabunifu, mnashindwa kuona wimbi? Mnatuuzia stori ya uhuru wa mpishi na kila mtu anapika IPA ileile ya California.

Upande wa pili wa meza kuna NACADA. Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya pombe na dawa za kulevya. Inapendekeza umri upande kutoka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe supamaketi, mtandaoni, na hata mikahawani. Watu walipopiga kelele, wakasema ni sera tu, bado si sheria. Nimeshapita 21, kwa hivyo hapo kwa umri silii kwa ajili yangu. Nalia kwa hilo neno mikahawani.

Kwa sababu tufikirie pamoja. Chakula kikiwa tumboni, pombe inaingia kwa damu polepole. Hii si falsafa, muulize nesi yeyote. Mtu aliyekaa na samaki na familia na gilasi moja kwa saa nzima, huyo ndiye mnywaji ambaye taifa lingeomba Mungu liwe na wengi. Huyo ndiye mnataka kumtoa mezani? Mpeleke wapi? Mpeleke baa isiyo na jikoni, akapate njugu za shilingi ishirini na kwarta?

Hivyo ndivyo rika langu linakunywa, na mnajua. Mse anatoka job, hajala tangu chai ya saa nne, anasema "nikila nitapoteza stimu." Kula ni kuharibu pesa ya pombe! Nimesikia hiyo sentensi mara nyingi hadi siichekelei tena. Nimebeba rafiki kwa nduthi, katikati yangu na dereva, kichwa kimelala kwa bega langu, nikiomba asitapike na asiache kupumua. Alikuwa amekunywa makali ya mia tatu na hakuwa amekula kitu. Hakuna semina ya kuongeza umri ingemsaidia usiku huo kama sahani ya ugali na matumbo saa kumi na mbili jioni.

Kwa hivyo watu wa krafti, mkiniuliza mnakosea wapi, ni hapo. Mna kitu kinachoweza kumfundisha kijana wa Kayole kunywa gilasi moja taratibu, na chakula, akijua anachoonja, na mmekizungushia ukuta wa jibini. Mkifungiwa mikahawa kesho, nani atawatetea? Wale watu arobaini wa jioni ya gilasi tano?

Wawili wenu mmenijibu kwa inbox tayari kwamba mutura haiwezi kuingia jikoni zenu kwa sababu ya afya ya jiji. Sawa. Kuna baa Kasarani ambayo bucha na jiko la choma ziko mlango mmoja nayo, leseni zote ukutani, na mwenyewe amekubali nije Jumamosi na mikebe sita ya bia za hapa. Mbuzi kilo mbili, mutura, tilapia, mukimo. Tunaanza saa nane mchana, na kila mtu anakula kwanza. Watengenezaji wa bia mnaosoma hii, nafasi ziko. Mwenye kimea cha wimbi akae karibu na mimi.