Nahodha Tulimpata, Warithi Je?

Wazazi na walimu wa Thika na Ruiru, leo nawaletea habari za mpira wa magongo, mchezo ambao wengi wa watoto wenu hawajapata kuuona. Najua mtakalonijibu: huo ni mchezo wa Wahindi wa Nairobi. Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana ndilo lililoua timu yetu ya taifa.

Avtar Singh Sohal, ambaye wenzake walimwita Tari, alizaliwa Nairobi mwaka 1938. Alikuwa beki wa timu ya magongo ya Kenya, na beki kwa kawaida hasifiwi. Shangwe humwendea mfungaji. Hata hivyo alicheza Olimpiki nne mfululizo, tangu Roma 1960 hadi Munich 1972, na tatu za mwisho alikuwa nahodha. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimwandika kwa mechi zake 167 za kimataifa. Huko Tokyo mwaka 1964, uhuru wetu haujatimiza mwaka, vijana wake walimaliza wa sita. Wilson Kiprugut aliyepata shaba ya mbio za mita 800 katika michezo hiyo twamkumbuka, na twafanya vyema. Nahodha wa magongo twamsahau.

Mwaka 1971 Kombe la Dunia la kwanza kabisa lilichezwa Barcelona. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Uhispania bao moja bila jibu. Ikabaki kuwania nafasi ya tatu na India, taifa ambalo wakati huo lilikuwa limekwisha kutwaa dhahabu saba za Olimpiki kwa mchezo huo. Dakika za kawaida hazikutosha. India ilishinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Wanne duniani! Mwaka uliofuata, Munich, Kenya ilikuwa ya 13.

Nini kiliingia? Ugonjwa ulikuwa wa zamani. Wakoloni walitenga shule kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na mtoto wa Mwafrika alipewa gongo kwa nadra. Vilabu navyo vilifuata dini na asili: Sikh Union, Goan Institute, Sir Ali Muslim. Uhuru ulipofika wenye vilabu hawakufanya haraka kufungua milango, na sisi wengine hatukubisha hodi. Kisha zikaja sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara, zilizowabana wasio raia. Mapema 1968 maelfu ya Wahindi na familia zao walikimbilia Uingereza kabla Waingereza hawajafunga mlango mwezi Machi. Simlaumu aliyeondoka, wala simsamehe upesi aliyemtia hofu. Lakini familia zile zilipopanda ndege ziliondoka na kitalu chote cha mchezo, kwa sababu hapakuwa na kingine.

Mwaka 1976 Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Dhahabu ya magongo ilikwenda kwa nani? New Zealand! Na mechi zilichezwa juu ya nyasi bandia, zulia la gharama kubwa ambalo nchi maskini zimelihangaikia tangu siku hiyo. Vijana Waafrika waliingia timu ya taifa, wakacheza kwa moyo, wakafika Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Tangu Seoul wanaume wetu hawajaikanyaga Olimpiki kwa magongo.

Sasa nageukia kwenu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, zaidi ya Eldoret, na 251,407 Thika. Mji wenye watu kiasi hicho haukosi beki mmoja mwenye kipaji. Unaokosekana ni uwanja. Uwanja wa magongo ni mita 91.4 kwa 55, karibu sawa na ploti kumi na moja za futi 50 kwa 100, na nyinyi mwajua ploti zile zinavyoishia: gorofa mpaka ukutani, watoto wakicheza ngazini. Mnaosema ardhi ni ghali mnasema kweli. Ndiyo maana ile iliyobaki katika shule za umma yafaa ilindwe kwa hati miliki, kabla hajatokea mjanja mmoja na ramani yake. Zulia lije baadaye. Mtoto hujifunza kushika gongo hata juu ya murramu. Vyuo vikuu vya Kahawa na Juja viko kando ya barabara yenu ya Thika. Viombwe vitoe vijana wa kufundisha Jumamosi.

Na msichague watoto kwa jina wala kwa kanisa, msikiti au hekalu. Mkutano ujao wa wazazi, kabla ya ajenda ya chakula cha mchana, mwulizeni mwalimu mkuu mambo mawili: hati ya uwanja iko wapi, na stoo ya michezo ina magongo mangapi.