Tahadhari Isiyotimia Siyo Uongo

Leo siandiki kuhusu viwavi wala bei ya ufuta. Nataka tuzungumze jambo ambalo kila nikiligusa kwenye mkutano wa kijiji watu wanatabasamu: kimbunga.

Najua tabasamu hilo limetoka wapi. Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitangaza kuwa Kimbunga Jobo kinakuja pwani. Nilizunguka na pikipiki nikihimiza watu wapandishe mbegu na kuku, wasilale bondeni kwenye madungu. Wapo waliobeba magunia usiku kucha. Jobo kikapungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu, na asubuhi jua likawaka kama kawaida. Niliitwa "Bwana Jobo" mpaka msimu wa korosho.

Sasa nikiri kosa langu. Mwaka 2024, mvua za El Nino zilipoujaza mto, nilitoa taarifa kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa tena. "Muwe mnaangalia maji," nilisema, basi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alibaki kwenye dungu lake na mjukuu wake wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji yalipanda usiku. Vijana waliwatoa kwa mtumbwi, mpunga wote ukiwa chini ya maji, kwenye bonde lenye mamba na viboko. Mzee hakunilaumu. Aliniambia tu, "Bwana shamba, mara hii hukupiga kelele." Maneno hayo bado ninayo.

Kumbuka pia kwamba siku zile hapa kwetu mvua haikuwa kubwa kila siku. Rufiji inaletewa maji na Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Unaweza kuwa unaanika muhogo juani huku maji ya huko juu yako njiani kuja. Kutazama mawingu ya Nyamwage peke yake hakutoshi.

Kabla bonde halijakauka, kikaja Kimbunga Hidaya. Tarehe 4 Mei 2024 kilifika Mafia, na mvua yake ikaikata barabara ya kusini pale Somanga. Sisi tulio kando ya barabara hii tunajua maana yake. Malori yalisimama siku kadhaa, mizigo ya kwenda na kutoka Lindi ikakwama. Mwenye duka aliyezoea kuagiza unga leo ule wa kesho alibaki na rafu tupu.

Kwa hiyo anayesema vimbunga haviji kwetu, amesahau. Wazee wa Lindi walikipata Aprili 1952. Zanzibar iliharibiwa vibaya Aprili 1872, minazi na mikarafuu ikalala chini. Haviji kila mwaka, ni kweli. Ndiyo sababu vinatukuta tumelala.

Maoni yangu ni haya: tahadhari isiyotimia siyo uongo. Kila usiku unafunga mlango, na mwizi asipokuja husemi kufuli limekudanganya. Ukipandisha gunia mbili za mbegu na dhoruba isije, umepoteza nauli ya bodaboda na jasho la nusu siku. Usipopandisha na ikaja, umepoteza msimu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

TMA ina ngazi tatu: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari kubwa. Watu wengi wanangoja ya tatu. Kwa mtu mwenye shamba bondeni, hiyo ya tatu ni kuchelewa. Likitoka Angalizo, chaji simu, jaza maji safi kwenye madumu, kata matawi ya mkorosho yaliyoegemea paa. Ikitoka Tahadhari, watoto na wazee watoke bondeni siku hiyohiyo, mchana. Mbegu ziwe zimeshapanda juu. Mimi naziweka kwenye dumu kavu lenye mfuniko wa kubana, kwa sababu maji yakirudi ndizo za mlau, na bila hizo utakuwa unaomba kwa jirani ambaye naye hana. Stakabadhi za ufuta na kitambulisho viingie kwenye mfuko wa nailoni, ukae nao mwilini.

Mbuzi na ng'ombe wafunguliwe kamba. Mnyama asiyefungwa hujitafutia mwinuko. Aliyefungwa utamkuta hapohapo, amekufa.

Upepo ukianza, kaa ndani, mbali na minazi. Bati lililong'oka usilikimbilie, linakata kama panga. Na hapa nawasema ndugu zangu wa bodaboda: maji yanayokimbia juu ya barabara hayavukwi, hata kama abiria ameongeza hela. Huwezi kuona kama lami bado ipo chini yake.

Wenye maduka, magunia yasikae sakafuni. Weka mbao juu ya matofali. Kuanzia Machi mpaka katikati ya Mei uwe na akiba ya wiki mbili ya unga, chumvi, mafuta ya taa na dawa ya maji. Maji ya visima yakichanganyika na ya vyoo, kuhara kunafuata, na hapo dawa ya maji inahitajika kuliko soda. Nimesikia wanaopandisha bei barabara ikikatika. Sina mamlaka ya kuwazuia, lakini wateja wana kumbukumbu ndefu.

Mimi msimu huu nitapiga kelele kama mwaka 2021. Niiteni Bwana Jobo tena, sina neno. Mwenye dungu bondeni na hana pa kupandisha mbegu, aje ofisi ya kata kabla ya Machi tuandikiane. Stoo ina nafasi, ila alete dumu lake lenye jina.