Daraja limeua foleni ya Busisi. Mpishi amfuate wapi mteja?

Kila mtaa wa Mwanza una dada anayesifiwa mkono. Akipika pilau kwenye shughuli, wageni wanauliza nani yuko jikoni. Na hakosi mtu wa kumwambia: "Wewe fungua mgahawa tu, utatajirika."

Ushauri mtamu, ila unaruka swali moja. Nani atakuja kula, na kwa nini aje kwako?

Tuanzie Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi, ukitoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita ulikuwa unasubiri kivuko. Basi limesimama, watoto wana njaa, dereva hata akiwa na haraka haimsaidii. Mama lishe wa pale hakuhitaji bango, foleni ilimletea watu.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Safari iliyoweza kula hadi saa mbili ikawa ya dakika chache. Kwa mgonjwa anayekimbizwa Bugando hiyo ni neema tupu. Kwa aliyekuwa akiuza wali na samaki kivukoni, wateja sasa wanapita juu, ndani ya basi. Mapishi yake hayajaharibika, ila watu hawasubiri tena.

Kwa hiyo anayetaka kuanza leo, kabla ya kununua sufuria kubwa, azunguke kwanza aone watu wanasubiri wapi. Stendi ya Nyegezi wapo. Nje ya hospitali wapo ndugu wa wagonjwa. Mwaloni Kirumba wapo wabebaji na wachuuzi walioamka usiku. Kila kundi lina saa yake na mfuko wake, na sato mzima wa kukaanga hauuziki kwa mtu mwenye 1,500.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuseme sahani unauza 3,000, na samaki, unga, mafuta na mkaa vimekula 2,300. Faida inaonekana ni 700. Ukipika sahani 40, umetumia 92,000. Zikiuzwa 30, umepata 90,000. Umeshinda jikoni kutwa, umepoteza 2,000, na nyumbani wamekula sahani kumi wakikusifu. Hapo bado hujalipa banda wala msaidizi.

Bei nazo hazitulii. Dagaa wa ziwani wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwaka sana taa hazivuti na dagaa wanaadimika. Anayejua hilo ananunua na kukausha mapema. Wasukuma walishaimaliza hii zamani kwa viazi: michembe na matobolwa vinakaa miezi, havimsubiri mteja wa saa saba mchana. Sielewi kwa nini wapishi wengi wanakimbilia chipsi wakati hivi vipo. Ukitaka kuvifungasha uviingize madukani, anzia SIDO, kisha TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa TFDA.

Mtaji je? Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Lakini inapita zaidi kwenye vikundi, na kikundi kinahitaji muda. Asiye na muda anaangukia kausha damu, mkopo wa kulipa kila siku. Kwa biashara yenye faida ya 700 kwa sahani, mimi naona heri uanze na sufuria za nyumbani.

Wapo wanaoanza hivyo. Jioni wanaweka picha WhatsApp, wanapokea oda za mchana wa kesho, asubuhi wanapika kwa idadi hiyo tu na bodaboda anapeleka. Hakuna sahani kumi za kubaki. Shida yao ni nyingine: wafanyakazi wa ofisini wanapenda kula kwa daftari mpaka mshahara utoke, na muuza samaki wa Kirumba hataki daftari, anataka hela yake asubuhi hiyohiyo.