Dawa ya Mafua Inapotumwa Kazi Nyingine

Fungua kasha la dawa la nyumba nyingi za mjini nawe utakuta ndani yake vile vidonge vidogo ambavyo wengi wetu huviita Piriton, hata vikiwa vimetoka kiwanda kingine kabisa. Jina la dawa yenyewe ni klorofeniramini. Kazi yake iliyoandikwa kwenye boksi ni kutuliza mzio: chafya zisizokwisha, macho yanayowasha, mabaka yanayomtoka mtu aliyekula samaki asiyepatana naye. Lakini kazi inayofanywa na vidonge hivyo majumbani aghalabu si hiyo. Baba arudiye kutoka zamu ya usiku humeza viwili ili apate usingizi wa mchana. Mama ambaye mwanawe amelia tangu magharibi, na majirani wa nyumba ya kupanga wameanza kugonga ukuta, humpa mtoto kijiko cha dawa ya maji ya jamii hiyo hiyo, ili naye apumzike kabla ya kudamkia kazini.

Kwa watu wa Afrika Mashariki dawa hii iliingia nyumbani kwa mlango wa malaria. Waliokuwa watu wazima kabla ya mwaka 2001, Tanzania ilipoacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, watakumbuka jinsi klorokwini ilivyowasha. Mtu alijihisi anachomwa sindano viganjani na nyayoni usiku kucha, na hata akijikuna hapati nafuu. Wapo waliokatiza dozi kwa ajili ya muwasho huo peke yake. Basi mgonjwa alipewa klorokwini pamoja na Piriton. Muwasho haukwisha wote, kwa kuwa haukuletwa na histamini pekee, lakini mgonjwa alilala. Hivyo ndivyo watu wengi walivyojua, bila kufundishwa na yeyote, kwamba kidonge hiki hulaza. Na tusiwacheke waliovichanganya: miaka ya 1990 watafiti wa Ibadan, Nigeria, walionyesha kwamba klorofeniramini ikitolewa pamoja na klorokwini iliisaidia kuwashinda vijidudu vya malaria vilivyokwisha kuizoea.

Sababu ya kulaza si fumbo. Histamini, ambayo hutoa kamasi na muwasho mwilini, ina kazi nyingine katika ubongo: humfanya mtu awe macho. Dawa za zamani za kuizuia, kama klorofeniramini, prometazini na difenihidramini, hupenya hadi kwenye ubongo na kuizuia huko pia. Dawa mpya zaidi, kama loratadini, hupenya kidogo mno, na ndiyo maana mwenye mafua ya mzio akipewa hizo huweza kwenda kazini bila kusinzia.

Kuitumia dawa ya mzio kwa jambo jingine si uzushi wa vichochoroni. Daniel Bovet na Anne-Marie Staub walipogundua dawa ya kwanza ya jamii hii mjini Paris mwaka 1937, ilikuwa kali mno kwa binadamu; zilizofuata ndizo zilizofaa, na Bovet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Mwaka 1947, huko Baltimore, Marekani, mwanamke aliyetibiwa mabaka ya ngozi aliwaambia madaktari wake kwamba tangu aanze dawa hiyo hatapiki tena akipanda tramu. Madaktari hawakuishia kufurahi naye. Mwaka uliofuata waliipeleka dawa melini, kati ya askari waliokuwa wakivuka bahari ya Atlantiki, wengine wakapewa dawa na wengine vidonge visivyo na kitu, ndipo wakalinganisha. Huko Ufaransa daktari mpasuaji wa jeshi la majini, Henri Laborit, aliona jinsi prometazini ilivyowatuliza wagonjwa wake. Utafiti uliofuata ukazaa klopromazini mwaka 1950, ambayo tangu mwaka 1952 imebadili matibabu ya maradhi ya akili.

Hapo ndipo tofauti ilipo baina yao na sisi. Wao walipima, na wakaandika waliyoyaona. Sisi humeza, na usingizi ukija tunasema dawa ni nzuri.

Haya, kwa mtu mzima mwenye afya, asiye mjamzito, anayetaka kuijaribu kwa usiku mmoja au miwili, sioni sababu ya kumpigia kelele, mradi asizidishe kipimo kilichoandikwa na asiwe ameonja pombe. Lakini ajue anachonunua. Mwili huizoea dawa hii upesi. Baada ya siku chache kidonge kile kile hakilazi tena, na hapo watu huongeza cha pili na cha tatu. Tena haitoki mwilini kulipopambazuka. Dereva wa daladala, kijana wa bodaboda, au fundi anayesimama mbele ya msumeno wa umeme hubeba usingizi wa jana ndani ya kazi ya leo. Mwaka 2017 madaktari wa usingizi wa Marekani walishauri difenihidramini isitumiwe kutibu tatizo la kukosa usingizi. Wazee ndio waiogope zaidi, kwani huwakausha kinywa, huwafunga choo, huwachanganya mawazo, na mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kulala vizuri kisha akashindwa kukojoa. Mwenye presha ya macho naye asiiguse kabla ya kumwona daktari.

Kuna pia siproheptadini, binamu yao, inayotafutwa na wanaotaka kunenepa. Hamu ya kula huja kweli. Ila mtoto aliyekonda huenda ana minyoo au kifua kikuu, na sahani ya ziada haimtibu hata kimoja.

Sasa turudi kwa yule mtoto aliaye usiku, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mtoto si mtu mzima mdogo. Wengine dawa hii huwapandisha badala ya kuwalaza, wakawa wanarukaruka hadi alfajiri. Prometazini haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa imewahi kuwazuia watoto wa umri huo kupumua hadi wakafa. Uingereza, mwaka 2009, iliagiza dawa za kikohozi na mafua zenye viungo vya jamii hii zisiuzwe madukani kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 6.

Na lipo jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mtoto mwenye homa huchunguzwa kwa dalili chache za hatari: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea au kuwa mgumu kuamka. Mama aliyempa dawa ya kulaza ameifunika dalili hiyo ya mwisho kwa mkono wake. Mtoto akilegea saa nane za usiku, atajuaje kama ni dawa au ni malaria iliyopanda kichwani? Atangoja asubuhi, kwa kuwa ana maelezo yanayomtuliza. Kilio kilichokuwa kikimsumbua ndicho kilichokuwa kikimwita.

Mtoto akilia kupita kawaida, mpime joto, tazama masikio, hesabu pumzi, mpe ziwa au maji. Na ikiwa amekwisha kupewa dawa naye anaamka kwa shida, usingoje kuche: mpeleke kituo cha afya usiku huo huo, chukua na ile chupa, umwambie mhudumu saa uliyompa na vijiko vingapi.