Likizo hii, mpeleke mwanao Tengeru

Mzazi mwenzangu, shule zikifungwa watoto wa Maisaka huomba kupelekwa Arusha. Wengi wetu tunaishia kununua sare, chipsi na soda, kisha tunawahi basi la kurudi Babati. Safari ijayo ongeza kituo kimoja: makaburi ya Wapolandi, Tengeru, kwenye barabara ya Moshi. Yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, hivyo anza kwa kuomba ruhusa getini.

Wamelala pale watu karibu 150. Wengi hawakuwa wanajeshi. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwatoa makwao na kuwapeleka Siberia. Walipoachiliwa walipitia Uajemi, wakaja kwa meli hadi Afrika Mashariki. Kuanzia 1942 Tengeru ilipokea takriban watu 5,000, wengi wao kina mama na watoto. Walikuwa na shule, kanisa na mashamba. Vita ilipokwisha, wengi hawakurudi kwao.

Wazee wengine husema mtoto hapelekwi makaburini. Zungumzeni nao kwanza, msiende kwa kujificha. Mkifika, mwache mtoto asome majina na miaka. Akikuta kaburi la mtoto mwenzake, usimharakishe.

Huenda akauliza: "Na wa kwetu wamezikwa wapi?" Usilikwepe swali hilo. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza liliwafuata Wajerumani kutoka Arusha hadi Kondoa, likapita Ufiome, chini ya huu mlima Kwaraa tunaouona kila siku. Masika yaliharibu njia, ndorobo waliua farasi, mizigo ikabaki vichwani mwa watu. Katika vita ile wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi, na wengi hawana kaburi lenye jina. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawakumbuka wote kwa pamoja, bila kutaja hata mmoja.

Kwa hiyo mkirudi nyumbani, mnunulie mtoto daftari. Aende kwa babu na bibi awaulize: nani katika ukoo wetu alichukuliwa vita ya Wajerumani? Nani alikwenda Burma? Nani alipigana na Idi Amin, 1978 na 1979? Aandike jina, alikotoka, na kama alirudi.

Ila mfundishe adabu ya kuuliza. Kama yupo mzee aliyepigana Kagera, asimuulize aliua wangapi. Amuulize walikula nini, walilala wapi, na rafiki gani hakurudi naye. Akinyamaza, mtoto naye anyamaze, ampelekee maji ya kunywa.

Majina ya Tengeru yameandikwa kwenye mawe. Ya kwetu yako kichwani mwa bibi, na bibi hatakuwepo siku zote. Daftari lisingoje likizo nyingine.